Mwana wa Mhunzi: Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Mama amegoma. Habari ya Paris hataki kuisikia, na amewafokea wote, baba na mwana. Lakini ndege imekwisha kuruka kutoka Conakry. Ni mwaka 1947. Camara Laye anatia mkono mfukoni, anagusa kitu kigumu: ramani ya treni za chini ya ardhi. SASA ENDELEA...

Ufundi wa magari aliokwenda kuusomea Argenteuil, aliupata. Fedha za masomo zilipokatika, maisha yakaanza kumnyoosha. Akabeba mizigo sokoni Les Halles. Akafanya kazi katika kiwanda cha magari cha Simca. Usiku unamkuta chumbani, baridi imetanda, na wa kumjulia hali kwa Kimalinke hayupo.

Akashika kalamu.

Hakuandika ya kiwandani. Alirudi kwao Kouroussa, nchini Guinea, hadi kwenye karakana ya baba yake. Mwanamke ameleta dhahabu yake itengenezwe pambo. Mivukuto inavuma, dhahabu inayeyuka, midomo ya baba inachezacheza kwa maneno asiyoyasikia mtu. Chini ya ngozi ya kondoo amejikunja nyoka mdogo mweusi, mlinzi wa ukoo, ambaye baba humpapasa kwa mkono wake bila woga. Mtoto anatazama huku swali limemkaba: mimi ninayekwenda shule ya Wazungu, nyoka huyu atanijia kweli?

Kwangu mimi, kitabu kizima kimesimama juu ya swali hilo. Mtoto anapenda asichoweza kukirithi, na kila darasa analofaulu linamsogeza mbali zaidi na moto wa baba yake.

Mwaka 1953 kampuni ya Plon ikakichapa: *L'Enfant noir*. Mwaka uliofuata kikatwaa Tuzo ya Charles Veillon. Fundi wa magari, umri miaka ishirini na kitu, sasa anatajwa miongoni mwa waandishi.

Vigelegele vilitarajiwa zaidi kutoka *Présence Africaine*, jarida la Waafrika wenyewe pale Paris. Mwaka huo huo wa 1954, jarida likatoa tahakiki. Haikuwa na kigelegele hata kimoja. Iliuliza: katika utoto huu mtamu, mkoloni yuko wapi? Kazi za shokoa ziko wapi? Huyu kijana hakuona, au alifumba macho?

Chini yake, herufi mbili tu: A.B.

Alikuwa Mwafrika, tena mdogo kwa Laye. Na ndani ya toleo lile lile, mtu huyo huyo alikuwa amechapisha riwaya yake kwa jina jingine kabisa...

ITAENDELEA WIKI IJAYO