Watoto Wawili wa Miaka 14

Kila mwaka huwaonyesha wanafunzi wangu picha mbili. Ya kwanza ni mchoro wa vazi la baleti: Louis wa 14, Mfalme wa Ufaransa, amevikwa kama Jua, miale ikimzunguka kichwani. Alicheza hivyo mwaka 1653, akiwa na miaka 14. Nchi ilikuwa imetoka katika uasi wa wakuu wake, na kila mkuu aliyeketi ukumbini alipaswa kutambua kitovu cha dola ni nani. Mchoraji wa mavazi alifanya kazi ya waziri wa habari.

Ya pili ni sanamu ya Marie van Goethem, binti wa mama dobi aliyehamia Paris kutoka Ubelgiji. Alisomea baleti katika Opera ya Paris. Edgar Degas alimfinyanga kwa nta, akamvika sketi halisi, viatu vya kuchezea na wigi yenye utepe, kisha mwaka 1881 akamweka hadharani ndani ya kabati la kioo.

Wahakiki walichukizwa. Baadhi yao walimfananisha na nyani. Wengine walidai kuona uovu usoni mwake. Huo ulikuwa wakati wa elimu bandia ya kusoma uhalifu katika umbo la fuvu, elimu ambayo jamaa zake walifuata bendera ya Mjerumani hadi kwetu na kuondoka na mafuvu ya babu zetu. Degas mwenyewe simtakasi: katika maonyesho yaleyale alitundika michoro ya nyuso za wahalifu.

Hata hivyo, aliona jambo ambalo wengi walilifumbia macho. Matajiri waliolipia viti vya msimu mzima waliruhusiwa kuingia nyuma ya jukwaa, na mabinti maskini waliwategemea kwa ufadhili wenye masharti yasiyoandikwa. Katika picha zake kadhaa wanaume hao wamesimama pembeni, suti nyeusi, kofia ndefu, wakingoja.

Marie alifukuzwa Opera mwaka 1882 kwa kukosa mazoezi. Degas alipofariki mwaka 1917, warithi wake waliagiza nakala za shaba, ambazo leo zimo katika makumbusho mbalimbali duniani. Mchoro wa 1653 hutajwa kwa jina la mfalme. Sanamu huitwa “Mchezaji Mdogo wa Miaka 14”.