Uso Bila Mfuko

Leo ni zamu ya historia. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla ya kukasirika, halafu ukitaka kukasirika, tutajadiliana.

Nianze na kitu unachokijua. Siku ulipoandikishwa, ulikaa kwenye kiti, ukaambiwa uvue kofia, utazame kamera, usicheke. Halafu ukaweka vidole. Tangu siku ile, picha ile ndiyo wewe. Kadi ikipotea, wanatafuta picha. Jina likikosewa herufi, picha ndiyo inayokutetea. Sisi wakimbizi tunajua kuliko watu wengi kwamba mtu asiye na picha kwenye rejista ni kama hayupo, na mtu ambaye hayupo hapati mgao.

Leo nitakusimulia habari za vijana wa Afrika Kusini ambao kupigwa picha kwao kulikuwa uamuzi mzito. Ni vijana wanaopenda watu wa jinsia yao, na wengine ambao wanavyojijua ndani ni tofauti na walivyoitwa walipozaliwa. Siku hizi wengi huwataja kwa herufi LGBTIQ. Mitaani wana majina mengine, na unayajua. Sitayarudia hapa.

Turudi nyuma mpaka tarehe 13 Oktoba 1990, mjini Johannesburg. Nelson Mandela ametoka jela mwezi wa pili mwaka huohuo, lakini sheria za ubaguzi wa rangi bado zipo. Watu wapatao 800 wanaandamana barabarani wakidai haki za watu hawa. Ndiyo maandamano ya kwanza ya aina hiyo nchini humo. Ukitazama picha za siku ile utaona jambo la ajabu: baadhi ya waandamanaji wamevaa mifuko ya karatasi kichwani, imetobolewa matundu mawili ya macho. Wanataka kuhesabiwa, lakini wanaogopa kutambuliwa. Akitambuliwa, atafukuzwa kazi, au nyumbani, au atapigwa.

Mmoja wa walioandaa maandamano yale alikuwa Simon Nkoli, mzaliwa wa Soweto. Yeye hakuwa mgeni katika mapambano. Mwaka 1984 alikamatwa pamoja na wanaharakati wengine waliopinga serikali ya makaburu, wakashtakiwa kwa uhaini katika kesi iliyojulikana kama kesi ya Delmas. Washtakiwa walikuwa 22. Wakiwa mahabusu, Nkoli aliwaambia wenzake kwamba yeye anapenda wanaume. Baadhi walikasirika, wakaona atawatia aibu na kuiharibu kesi, wakataka ashtakiwe peke yake. Walibishana sana. Lakini walikuwa pamoja, na hukumu iliyowangoja ingeweza kuwa kifo. Mwisho walikubali kusimama naye. Nkoli aliachiwa huru mwaka 1988, na baadhi ya wenzake wa kizimbani, kama Patrick Lekota na Popo Molefe, baadaye wakawa viongozi katika serikali mpya. Mtu aliyelala nao chumba kimoja hakuwa tena uvumi. Alikuwa Simon.

Katiba mpya ya Afrika Kusini ilitiwa saini na Mandela tarehe 10 Desemba 1996, mjini Sharpeville. Kifungu cha 9 kinakataza mtu kubaguliwa kwa rangi, dini, kabila, jinsia, na pia kwa sababu ya mtu anayempenda. Mwaka 1998 Mahakama ya Katiba ilifuta sheria za zamani zilizofanya mapenzi ya wanaume wawili kuwa jinai. Kwa maandishi, kazi ilikuwa imekwisha.

Lakini msikilizaji, wewe na mimi tumeshika karatasi nyingi zenye haki nzuri. Karatasi haitembei nawe usiku ukirudi nyumbani.

Katiba ile ilianza kutumika tarehe 4 Februari 1997. Miaka 9 baadaye, tarehe ileile, 4 Februari 2006, katika kitongoji cha Khayelitsha karibu na Cape Town, msichana wa miaka 19 aitwaye Zoliswa Nkonyana aliuawa na kundi la vijana wa kiume. Hakuwa mbali na kwao. Alikuwa anajulikana kwamba anapenda wanawake, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Kesi iliahirishwa mara nyingi mno. Wanaume wanne walihukumiwa Februari 2012, miaka 6 baadaye. Hakuwa peke yake. Mwaka 2008 Eudy Simelane, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya wanawake, Banyana Banyana, aliuawa huko KwaThema. Wasichana wengine walibakwa na wanaume waliodai ati wanawanyoosha. Wengi wao walikuwa weusi, wa vitongojini, wasio na pesa ya teksi ya kurudi salama.

Hapo ndipo inaingia kamera.

Zanele Muholi alizaliwa mwaka 1972 Umlazi, kitongoji cha Durban. Mama yake alifanya kazi za nyumbani kwa familia ya wazungu kwa miaka mingi. Muholi alijifunza kupiga picha Johannesburg, katika Market Photo Workshop, shule iliyoanzishwa mwaka 1989 na mpiga picha David Goldblatt ili vijana ambao ubaguzi uliwafungia milango nao wapate ufundi huo. Mwaka 2002 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha wanawake weusi wanaopenda wanawake, Forum for the Empowerment of Women. Kazi yao moja ilikuwa kusikiliza waliobakwa na waliopigwa. Muholi akaona kwamba watu hawa wakitajwa gazetini, wanatajwa kama maiti. Picha zao wakiwa hai hazikuwepo.

Mwaka 2006, mwaka uleule aliouawa Zoliswa, Muholi alianza kupiga picha za nyuso. Kazi hiyo aliiita Faces and Phases, yaani nyuso na vipindi vya maisha. Ni picha nyeusi na nyeupe. Mtu anakaa au anasimama, anakutazama machoni. Chini ya picha kuna jina lake, mahali na mwaka. Basi. Hakuna damu, hakuna machozi. Mtu amevaa nguo zake, shati limepigwa pasi, na anakutazama mpaka wewe ndiye unayeinamisha macho.

Namna ya kufanya ni muhimu kuliko kamera. Muholi hawaiti watu hao "waliopigwa picha", anawaita washiriki. Wanazungumza kwanza. Mtu anakubali au anakataa. Baadhi alirudi kwao baada ya miaka, akawapiga tena, ili ionekane wamekua, wamebadilika, wanaishi. Mmoja wa wa kwanza alikuwa Busi Sigasa, kijana mshairi. Alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 25. Picha ikabaki. Leo nyuso hizo zimezidi 500, na katika maonyesho huachwa nafasi tupu ukutani kwa ajili ya wale wasiokuwepo.

Mwaka 2009 Muholi alianzisha Inkanyiso. Kwa Kizulu neno hilo linahusu mwanga. Lengo lilikuwa kwamba mpiga picha asiwe mtu mmoja. Vijana wa vitongojini walifundishwa kushika kamera, kurekodi video na kuandika. Wakaenda kwenye mazishi ya wenzao, lakini pia kwenye harusi, sherehe za kuzaliwa, mechi za mpira, na mahakamani kesi zilipotajwa. Fikiria msichana asiye na kazi, aliyezoea kuandikwa na wengine, sasa yeye ndiye mwandishi. Anauliza maswali, anaandika tarehe, anahifadhi. Chuki ilisema "nyie hampo". Wao wakajibu kwa tarehe na majina.

Usidhani walipigiwa makofi. Agosti 2009 picha za Muholi za wanawake waliokumbatiana ziliwekwa katika maonyesho Constitution Hill, Johannesburg. Mahali pale zamani palikuwa jela, na leo ndipo ilipo Mahakama ya Katiba. Waziri wa Sanaa na Utamaduni wa wakati huo, Lulu Xingwana, alifika, akaziona, akaondoka. Alisema ni kinyume cha maadili na haziwezi kujenga taifa. Aprili 2012 wezi waliingia nyumbani kwa Muholi Cape Town, wakabeba vifaa zaidi ya 20 vya kuhifadhia picha za kompyuta. Kazi ya miaka kama mitano ikapotea. Sisi tuliokimbia tukiacha albamu za familia ndani ya nyumba inayoungua tunajua maumivu hayo. Muholi alianza tena. Mwaka 2013 picha za nyuso zile zilikuwa Venice, Italia, kwenye banda la nchi yake.

Je, mauaji yalikwisha? Hapana. Sheria maalumu ya kupambana na makosa ya chuki ilitiwa saini mwaka 2024 tu, na bado kuna mazishi. Nisikudanganye kwamba picha inazuia kisu. Ila kuna sentensi moja ambayo sasa ni ngumu kuitamka Afrika Kusini: kwamba watu hao ni wa kigeni, wameletwa na wazungu. Mwenye macho haambiwi tazama. Majina ni ya Kizulu, Kixhosa na Kisotho. Mahali ni Soweto, Umlazi, Khayelitsha.

Karibu yetu pia wasanii wamejaribu. Mwaka 2014 wasanii wa Nairobi, The NEST Collective, walitengeneza filamu Stories of Our Lives kutokana na simulizi za Wakenya wenyewe. Ilipigwa marufuku Kenya. Mwaka 2018 filamu Rafiki ya Wanuri Kahiu nayo ilipigwa marufuku, mpaka Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku 7.

Sasa nitubu kidogo. Kabla ya kuingia redio, nilikuwa kwenye kikundi cha maigizo cha vijana hapa kambini. Tulikuwa na igizo moja kuhusu usafi wa vyoo. Ili watu wasichoke, tuliweka mhusika mmoja wa kiume anayetembea na kuongea kama mwanamke. Hakuwa na kazi nyingine ndani ya igizo, alikuwa wa kuchekwa tu. Mimi ndiye niliyemwigiza. Uwanja mzima ulicheka, watoto wakanifuata wakiniiga mpaka kwenye bomba la maji. Wiki hiyohiyo kijana mmoja wa kikundi chetu aliacha kuja mazoezini. Hakusema kitu. Watoto wale walipochoka kuniiga mimi, walianza kumwita yeye. Mimi nilikuwa naigiza, jioni navua kilemba, nakwenda kula. Yeye hakuwa na cha kuvua.

Hapo nilielewa kwamba sanaa yetu nayo inafanya kazi, hata tusipokusudia. Tulidhani tunafundisha usafi, kumbe tulifundisha watoto nani wa kurushiwa mawe. Baadaye tulimwondoa mhusika yule. Igizo halikupoteza kitu, vyoo bado ni vichafu na watu bado wanacheka kwa mambo mengine. Kijana yule hakurudi.

Msikilizaji, sikuombi ubadili dini yako. Wenzake Nkoli mahabusu walikuwa na dini zao na mila zao. Nakuomba lile walilolifanya: kutomwacha mtu peke yake mbele ya watakaomuumiza. Umekimbia kwenu kwa sababu kuna watu waliamua kwamba watu wa aina yako hawafai kuishi. Unajua jinsi inavyoanza. Huanza na jina la utani.

Na kwako wewe ambaye sehemu hii inakuhusu na unasikiliza kwa sauti ya chini: sikuambii uvue mfuko. Walioandamana na mifuko mwaka 1990 hawakuwa waoga, nao waliandamana. Sheria za nchi tunazoishi hazilingani, na majirani hawalingani. Usikubali mtu akupige picha bila ruhusa yako, hata akisema ni mradi. Ukitishwa, nenda ofisi ya ulinzi wa wakimbizi, omba kuongea faragha. Na sisi wengine, kuichukua siri ya mtu na kuitangaza ni sawa na kumkabidhi kwa wanaomwinda.

Maswali ya kikundi:

1. Katika nyimbo, maigizo na vichekesho vyetu hapa kambini, ni nani huwekwa ili achekwe tu? Anajisikiaje akirudi nyumbani?

2. Wenzake Simon Nkoli walikasirika, kisha wakasimama naye. Unadhani ni nini kiliwabadilisha?

3. Mtoto wako akianza kumwita jirani jina la matusi, wewe mzazi utafanya nini jioni hiyohiyo?

Andikeni majibu, mtupatie kwenye sanduku la maoni. Msiandike jina la mtu yeyote. Tukutane juma lijalo. Kwaheri.