Tembe Iliyovishwa Mlango wa Pwani

Kila viongozi wa mikoa ya kati wanapowahimiza wananchi kuachana na nyumba za tembe, mjadala huanza upya, na mara nyingi huishia kwenye bati. Kwa Wanyiramba wa Ulemo na kata jirani wilayani Iramba, tembe ni nyumba ya wazee: nguzo za mti mgumu, kuta za fito zilizokandikwa udongo, na dari ya magogo iliyofunikwa udongo na kusawazishwa. Mti ndio unaobeba kila kitu; udongo ni vazi tu.

Wanaoibeza kuwa nyumba ya ufukara wangefika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora.

Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliopanda bara kufuata pembe za ndovu waliikuta tembe, wakaona inalifaa jua la huko, wakaichukua. Waliongeza mambo ya kwao: baraza la kupokelea wageni na mlango wa nakshi wa Kipwani, miimo na kizingiti vimechongwa, mfaa umesimama katikati. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze, yaani Tabora, Novemba 1857, aliwakuta wakiishi humo kwa raha.

Aliyeisimulia zaidi ni Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, mtu asiyeona haya kujisifu. Alifika Unyanyembe, eneo la Tabora, Juni 1871 akimtafuta mpelelezi David Livingstone, akakuta mtemi Mirambo wa Wanyamwezi amefunga njia ya Ujiji. Akajiunga na Waarabu vitani, wakashindwa. Agosti 22, Mirambo alishambulia Tabora yenyewe. Mfanyabiashara Mwarabu Khamis bin Abdallah alitoka na watu wachache kumkabili, akauawa, na moshi wa nyumba zilizoungua ukaonekana hadi Kwihara, alikokaa Stanley. Yeye hakukimbia. Aliamuru kuta za tembe alimokaa zitobolewe matundu ya bunduki, akachimbisha mahandaki kuizunguka, akaweka akiba ya chakula na kupandisha bendera ya Marekani juu ya paa. Adui hakuja. Nyumba inayodharauliwa leo ndiyo aliyoiamini kuwa ngome.

Februari 1872 alirudi hapo pamoja na Livingstone, ambaye alikaa hadi Agosti. Ndiyo sababu nyumba hiyo, iliyojengwa upya baadaye, ni makumbusho yenye jina la mgeni huyo. Mafundi waliochonga milango ya namna ile hawakuachiwa hata kibao.

Wajerumani walikuja na maboma ya mawe, Waingereza na bati. Operesheni za vijiji za miaka ya 1970 zilihamisha kaya kwa maelfu, na tembe nyingi zikabaki magofu. Moja ya Wagogo imehifadhiwa katika Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kana kwamba Dodoma na Singida hakuna tena wanaoishi katika nyumba kama hiyo.

Nakshi zenyewe hazikufa. Maseremala wa bara bado wanachonga maua na mizabibu kwenye milango ya mninga, na wateja wanalipa. Ila mlango huo huenda kwenye nyumba ya tofali za saruji. Tembe, iliyoupokea mlango wa Kipwani karne moja na nusu iliyopita, hufungwa kwa mbao chakavu na kipande cha bati kilichobaki kwenye paa la jirani.