Mwaka wa Tukio na Mwaka wa Maandishi

Ndugu wasomaji, nani kati yetu tuliosoma Vwawa hajafika Ndolezi kukitazama kimondo? Kiliingia katika maandishi ya wataalamu mwaka 1930, lakini hakuna asemaye kwamba ndio mwaka kilipoanguka. Mimi nilipokuwa Kidato cha Tatu nilikosea jambo la namna hiyo: niliandika mwaka wa kitabu mahali pa mwaka wa tukio, nikachekwa darasa zima.

Kosa hilo huwapata hata wasomi wakubwa wanapotafuta tarehe za habari za wafiadini wa kale. Chukueni habari ya Polikarpo, askofu wa Smirna. Mwishoni mwake limetajwa jina la liwali Quadratus, na kwa jina hilo wengi hukisia kwamba Polikarpo aliuawa yapata mwaka 155. Eusebio, mwandishi wa karne ya nne, aliliweka tukio hilo katika enzi ya Kaisari Marko Aurelio, iliyoanza mwaka 161. Tena wapo wanaoshuku kwamba sehemu hiyo ya mwisho iliongezwa na mkono mwingine. Basi hata tukiupata mwaka wa kifo, mwaka wa maandishi bado ni fumbo.

Huku kwetu Afrika Mashariki ipo habari yenye tarehe zilizo wazi zaidi. Tarehe 16 Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyelelewa Goa na watawa wa Augustino na kubatizwa Jeronimo, alimwua kapteni wa Ngome ya Yesu. Wakristo wengi, Wareno kwa Waafrika, wakauawa. Mwaka uliofuata, 1632, mashahidi waliapishwa huko Goa na maneno yao yakaandikwa. Kitabu cha Kiingereza chenye ushahidi huo kilitolewa na Freeman-Grenville mwaka 1980. Mwanafunzi akiandika 1980, atachekwa kama mimi.

Lakini ndugu zangu, maandishi kuwa ya mapema hakuyafanyi kuwa kamili. Watawa walikusanya ushahidi ule wakitaka waliouawa watangazwe watakatifu, na maswali yalielekea huko. Kwamba baba yake Yusuf naye aliuawa kwa hila za Wareno, hilo halikuwa shauri lao. Yusuf mwenyewe aliihama Mombasa mwaka huohuo wa 1632. Hakuketi mbele ya karani wa Goa.