Nani Ameshika Maikrofoni?



Kila Desemba shule zikifungwa, watoto wa Bondeni waliotawanyika Mbeya, Dar na kwingineko hushuka Kyela na mabasi, kila mmoja na simu yake mfukoni. Ulaya huu ni msimu wa baridi kali. Watu hujifungia ndani, na magazeti yao huwapangia orodha ya filamu mpya za hali halisi za kutazama mtandaoni. Kwetu ni joto, mbu na mvua za kwanza, lakini mchezo ni uleule: mtu ananunua bando, anajilaza kwenye mkeka, anatazama.

Hakuna ubaya, tena ni jambo jema. Ila kuna swali ambalo sisi tunaojifunza kuandika hatuna budi kuliuliza kabla ya kubonyeza. Picha hizi tunazoambiwa ni za kweli, nani anazisimulia? Maana historia ya sinema katika nchi hii inafundisha jambo moja: picha ni ya mwenye kamera, lakini maana ni ya mwenye maikrofoni.

SANTURI ZA VUGIRI

Tuanzie Vugiri, katika milima ya Usambara, mwaka 1935. Huko ndiko ulikoweka makao mradi uliojulikana kwa kifupi kama BEKE, jaribio la kuwafundisha "Wabantu" kwa sinema. Fedha nyingi zilitoka shirika la Carnegie la Marekani, na msimamizi wa upigaji picha alikuwa Mwingereza, Meja L. A. Notcutt. Katika muda wa miaka miwili hivi walitengeneza filamu 35: kuweka akiba posta, kujikinga na safura, kilimo, mifugo. Kisha lori lenye mashine ya sinema likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Rodeshia ya Kaskazini na Nyasa.

Sasa sikiliza hapa. Filamu zile hazikuwa na sauti ndani yake. Sauti ilirekodiwa kwenye santuri, mbali na picha, ili picha ileile iweze kusema Kiswahili hapa na lugha nyingine kule. Pengine msemaji alisimama pembeni ya turubai akaeleza kwa mdomo. Yaani bwana, tangu siku ya kwanza picha na maneno vilikuwa vitu viwili mbalimbali! Mkulima yuleyule kwenye turubai aliweza kuitwa hodari au mjinga, kutegemea santuri iliyowekwa. Wakulima walioonyeshwa walijua wanachofanya shambani. Hawakuulizwa wangependa kiitweje.

Mradi ulikufa mwaka 1937. Kati ya filamu zile 35, zinazojulikana kusalia ni tatu tu, na zimehifadhiwa Uingereza. Nyingine zimekwenda na maji.

KARANI WA BUNYAKYUSA

Miaka ileile, huku kwetu, kulikuwa na kazi ya namna nyingine. Kati ya 1934 na 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa Bunyakyusa wakichunguza maisha ya watu: vijiji vya rika, mazishi, matambiko, ndoa. Vitabu vya Monica vilivyotokana na kazi hiyo, kuanzia kile cha 1951, vinasomwa vyuoni duniani kote.

Lakini wageni hawa walisikiaje? Walikuwa na karani, Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa aliyezaliwa 1910. Huyu ndiye aliyefungua masikio yao, akatafsiri, akaandika. Alifariki 1938, kijana bado. Kwa miaka mingi jina lake lilibaki kwenye makaratasi ya wengine, mpaka watafiti wa karne hii walipomrudisha mbele. Kijana anayetaka uandishi asome habari za Mwaisumo. Hakuwa na kamera wala jina kwenye jalada, ila bila yeye maneno yasingepatikana.

KAWAWA NA GARI LA SINEMA

Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilileta kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza sinema za Kiswahili. Katika Muhogo Mchungu ya 1952 nyota alikuwa kijana mmoja aitwaye Rashidi Kawawa. Naam, yuleyule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962! Hii ilikuwa hadithi ya kutunga, lakini iliwaonyesha watu kitu kipya: Mswahili anaongea mwenyewe.

Baada ya Uhuru, Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa 1968, na sinema za serikali zikahubiri Ujamaa kutoka kwenye magari yaliyozunguka vijijini. Sauti sasa ilikuwa yetu, ndiyo, ila ilitoka juu kuja chini. Televisheni nayo Bara haikuwepo hadi mwaka 1994.

Ndipo vikashika kasi vibanda vya video, vibanda umiza. Filamu inatoka Hong Kong au Marekani, watazamaji hawaelewi neno, anatokea DJ na maikrofoni yake. Lufufu alipata umaarufu nchi nzima kwa kazi hiyo. Anatafsiri, anaongeza chumvi, anampa jambazi jina la mtaani, ukumbi unavunjika mbavu. Wasomi wakawacheka. Kumbe watu wale walikuwa wameelewa jambo ambalo Vugiri walilijua tangu 1935: ukishika sauti, umeshika filamu.

ZA KUTAZAMA LIKIZO HII

Basi tukirudi kwenye bando lako, ukizipata, mimi ningekupangia hizi tatu.

Kwanza, Darwin's Nightmare ya 2004, ya Hubert Sauper wa Austria, juu ya sangara wa Mwanza. Ilipata sifa Ulaya na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Hapa nyumbani Rais Kikwete aliilaani hadharani mwaka 2006. Itazame ukiwa na kalamu. Andika kila anayeongea ni nani, na nani ameachwa. Kisha jiulize, angekuja Itungi na kamera ileile, angetuonyesha vipi?

Pili, Majubs Reise ya 2013, ya Mjerumani Eva Knopf. Inamhusu Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam 1904, akawa askari wa Wajerumani angali mtoto, akaishi Berlin akifanya kazi ya uhudumu, kufundisha Kiswahili na kuigiza kama mtumishi nyuma ya mabwana kwenye sinema zao. Alifia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Knopf alichukua vipande hivyohivyo vya sinema za zamani akamtoa yule mtu wa nyuma na kumleta mbele. Hakubadili picha. Amebadili msimulizi.

Tatu, The Empty Grave ya 2024, ya Mtanzania Cece Mlay na Mjerumani Agnes Lisa Wegner. Familia ya Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa 1906 wakati wa Maji Maji, inatafuta fuvu lake linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Novemba 1, 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba msamaha. Katika filamu hii wajukuu ndio wenye swali, na wazungu ndio wanaotakiwa kujibu. Ona safari tuliyotoka!

NA BONDENI JE?

Hapa ndipo penye uchungu. Ziwa letu lina hadithi tele. Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani pale Liuli. Mwezi uliofuata jeshi la Wajerumani likavuka Songwe kwenda kupigana Karonga, likashindwa. Wazungu husimulia kisa cha meli kama kichekesho cha manahodha wawili waliokuwa marafiki. Na wapagazi? Na wenye mashamba njiani? Hawana santuri.

Akina mama wa Kikisi hufinyanga vyungu Ikombe, wakavipeleka sokoni Lyulilo kwa mitumbwi. Watalii huwapiga picha, wanaondoka. Mto Songwe huhama njia yake, shamba linalala Tanzania linaamka upande wa Malawi. Nani ameandika anavyosema mwenye shamba?

Usiniambie huna kamera. Simu unayotazamia sinema ina kamera na kinasa sauti. Kinachokosekana ni yule karani. Likizo hii nenda kwa bibi, mpe shikamoo yake, kaa chini, muulize jina la mto ulipopita zamani, nani alizikwa wapi, mvua gani ilibomoa nini. Mwache aseme kwa Kinyakyusa chake mpaka amalize. Kisha andika jina lake, kijiji, tarehe, na maneno yake kama alivyoyasema, siyo kama ambavyo mwalimu wa insha angependa.

Filamu 32 za Vugiri zimepotea, na sanduku lao lilikuwa la chuma. Bibi yako hana sanduku.