Jalada la Jarida la Wachache

Mnunuzi wa kanga haanzi kwa kuuliza bei. Huitandaza kwanza, akautazama mji wake, akalifuata pindo kwa jicho pande zote nne, ndipo akasoma jina. Jina lisipompendeza, kanga hukunjwa ikarudishwa mahali pake, hata rangi zake ziwe za kuvutia namna gani. Mchoraji wa kanga analijua jambo hilo, kwa hiyo hufanya kazi yake kwa ajili ya mtu ambaye kwa kiasi fulani amekwisha kumfahamu: mtu ajuaye mafumbo, ajuaye nani atalisoma jina lile mgongoni mwake, na ajuaye kwa nini limevaliwa leo wala si jana.

Sanaa ninayotaka kuieleza katika kurasa hizi ni ndugu wa hiyo. Nayo ni kuchora jalada la jarida la muziki, hasa muziki wenye wapenzi wachache walioshikamana. Yamkini msomaji ataona kuwa jambo hili ni dogo mno kuingizwa katika mazungumzo ya utamaduni. Wataalamu wetu wameandika juu ya ngoma, ala, na mashairi ya nyimbo. Karatasi ya juu wameipita bila kuitazama. Hata hivyo jalada ni ushahidi wa historia kama ushahidi mwingine wowote. Linatuambia wenye jarida walidhani msomaji wao ni nani. Linatuambia pia jambo lililo zito kuliko hilo, yaani waliamini muziki ule ni mali ya nani.

Kwa muda mrefu muziki ulionaswa kwenye santuri ulisafiri bila sura. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay kuimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice, sauti zao zilirudi pwani zikiwa ndani ya mifuko ya karatasi yenye tundu la mviringo katikati, ili kibandiko kipate kusomeka. Alama ya kampuni ile ilikuwa mbwa anayesikiliza gramafoni, picha iliyochorwa na Francis Barraud na kununuliwa na kampuni mwaka 1899. Basi mpenzi wa Siti aliyeshika santuri yake mkononi aliangaliana na mbwa wa Kiingereza. Sura ya Siti, kwa maana ya maisha yake na heshima yake, wengi wetu tuliipata baadaye kwa kalamu ya Shaaban Robert aliyeandika wasifu wake.

Huko Marekani nako hali ilifanana na hiyo. Santuri kadhaa zilipokusanywa pamoja zilitiwa katika vitabu vya jalada gumu lisilo na pambo, jina likachapwa ubavuni. Mwaka 1939 kampuni ya Columbia ilimwajiri kijana wa miaka 22, Alex Steinweiss, mzaliwa wa Brooklyn, kwa kazi ya matangazo. Yeye alivifananisha vitabu vile na mawe ya makaburi, akawaomba wakubwa wake ruhusa ya kuvichora. Mwaka 1940 jalada lake la kwanza likatoka. Mauzo yaliwaridhisha wenye kampuni, na tangu hapo wapiga muziki wa aina zote wakaanza kutafutiwa sura.

Lakini Steinweiss alimchorea mpita njia. Santuri zake zilipangwa dukani, nazo zilitakiwa kumvuta mtu aliyeingia kununua kitu kingine. Mchoraji wa jarida la wachache hana mpita njia, na hapo ndipo kazi yake inapopata ladha ya pekee.

Mfano ulio bora kuliko yote niijuayo ni jarida lililoitwa The Record Changer. Lilianzishwa Marekani mwaka 1942 na Gordon Gullickson kwa ajili ya watu waliokusanya santuri kuukuu za jazi, hasa zile za miaka ya 1920. Sehemu kubwa ya kurasa zake ilikuwa orodha tu: santuri fulani, nambari fulani, ina mkwaruzo au haina, anayeitaka ataje bei. Ukimpa mtu asiyehusika atalifunga kabla ya kufika ukurasa wa tatu. Ukimpa mkusanyaji atalisoma mpaka alfajiri. Mwaka 1945 kijana mmoja aitwaye Gene Deitch, aliyezaliwa Chicago mwaka 1924 na wakati ule akiishi Los Angeles, alianza kulichorea. Aliendelea hadi mwaka 1951. Ndani ya jarida alichora vikatuni vya mkusanyaji mmoja aliyepagawa na santuri, ambaye hana jingine duniani analolijali. Nje, alichora majalada.

Majalada yale yana jambo la kushangaza. Muziki ulioshabikiwa na jarida ulikuwa wa zamani, na wasomaji wake walijivunia uzamani huo. Katika miaka ile ya 1940 palikuwa na ugomvi mkubwa baina ya wapenzi wa jazi ya New Orleans na wapenzi wa mtindo mpya uliokuwa ukizuka New York, ulioitwa bibopu. Wafuasi wa mtindo mpya waliwabandika wale wa zamani jina la tini zilizoota ukungu. Mtu angetazamia basi kwamba jarida la tini zilizoota ukungu lingepambwa kwa picha za kizamani: mashua za mto Mississippi, taa za mafuta, herufi zenye mikia. Deitch alifanya kinyume. Alichora kwa mistari michache mikali, miili iliyokunjwa na kunyooshwa kama mabati, macho mahali pasipo na desturi ya kuwa na macho. Alitumia mbinu za wachoraji wa kisasa wa Ulaya kuwasifu wazee waliokuwa wakipuliza tarumbeta tangu kabla hajazaliwa.

Kwa nini wasomaji walikubali? Nadhani jibu limo katika namna jarida lilivyomfikia msomaji. Jarida linalouzwa barabarani hupangwa kwa kulaliana, moja juu ya jingine, ikaonekana sehemu ya juu peke yake. Ndiyo sababu jina huwekwa juu, kwa herufi nene, na uso wa mtu mashuhuri husogezwa karibu nalo. Jarida la wakusanyaji huja kwa posta, katika bahasha, kwa mtu ambaye amekwisha kulipa. Halina haja ya kupiga kelele. Laweza kuchezea jina lake, likaliweka chini au likalificha katika umbo la ala, kwa kuwa msomaji hatapotea. Alichodai msomaji yule ni kimoja tu, nacho alikidai kwa ukali: vitu vichorwe na mtu anayevijua. Mkunjo wa mrija wa tromboni uwe sahihi. Mkono wa mpiga banjo ushike panapostahili kushikwa. Deitch mwenyewe alikuwa mkusanyaji, na wenzake walimtambua. Mshairi ataelewa upesi: hadhira inayojua vina na mizani humpa mtunzi uhuru mkubwa wa kucheza, ilimradi vina na mizani viwepo.

Kazi ile ndiyo iliyomfungulia mlango wa studio ya katuni za filamu ya UPA mwaka 1946. Baadaye alihamia Prague, na filamu yake fupi Munro ikatuzwa Oscar mwaka 1961. Alifariki mwaka 2020.

Pamoja na sifa zote hizo, yako malalamiko ambayo siwezi kuyaficha. Katuni za ndani humcheka na kumpenda mkusanyaji: chumba chake, rafu zake, rafiki zake wasiomwelewa. Mkusanyaji huyo ni Mzungu. Waliopuliza na kupiga ule muziki, kwa sehemu kubwa, walikuwa Wamarekani Weusi, na wengi wao wakati ule walikuwa wakiishi kwa kazi za vibarua. Jumuiya ya wapenzi wachache ina hatari hii daima: hupenda kitu mpaka mwisho hujipenda yenyewe, na mwenye kitu akasahauliwa mlangoni. Simshtaki Deitch, majaladani aliwachora wapigaji, tena kwa heshima. Nasema tu kwamba mchoraji wa jalada husimama mahali ambapo swali hilo huamuliwa kila mwezi, apende asipende.

Mwaka 1970, mjini Chicago, swali lilijibiwa waziwazi. Vijana wachache, wakiongozwa na Jim O'Neal na Amy van Singel, walianzisha jarida la bluzi, wakaliita Living Blues, yaani bluzi iliyo hai. Vijana hao hawakuwa wenye asili ya muziki ule, na yamkini ndiyo sababu waliona haja ya kujiwekea mwiko: jarida lao lingehusu wapiga bluzi Weusi wa Marekani, kwa kuwa bluzi ni utamaduni wa watu hao. Jalada la toleo la kwanza lilimwonyesha Howlin' Wolf, ambaye jina lake halisi lilikuwa Chester Burnett, mzaliwa wa Mississippi wa mwaka 1910. Mtu yule alikuwa hai, akiimba katika vilabu vya mji uleule. Jina la jarida lilidai jambo, na picha ikathibitisha dai. Hakuna ufundi mkubwa hapo wa mistari na rangi, upo uamuzi.

Na kwa wale wasemao kwamba hatuwezi kuchora majalada kwa kuwa hatuna mitambo, ninao mfano wa tatu, ambao nitaupita kwa haraka kwa sababu muziki wenyewe, panki, masikio yangu hayauwezi. Julai mwaka 1976 karani wa benki wa London aliyeitwa Mark Perry, mwenye umri wa miaka 19, alivutiwa na bendi ya Ramones ya New York, akapiga taipu kurasa chache, akaandika jina kwa kalamu ya wino mzito, mistari ikiwa imepinda, kisha akanakili nakala zipatazo hamsini. Jarida lake, Sniffin' Glue, liliishi mwaka mmoja tu na zaidi kidogo, likaigwa na mamia ya vijana. Muziki wake ulidai kuwa kila mtu aweza kupiga. Jalada lake likaonyesha kuwa kila mtu aweza kuchapa. Lau angepewa karatasi ya kung'aa na rangi nne, angelisaliti kusudi lake.

Turudi kwetu. Bendi zetu za dansi zilijiita jazi tangu zamani, Dar es Salaam Jazz tangu mwaka 1932, Morogoro Jazz tangu mwaka 1944, ingawa muziki wao ulikuwa na njia yake nyingine. Nyimbo nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilinaswa katika kanda za Redio Tanzania, zikasikika nchi nzima, na watu wakazijua kwa moyo bila ya kuona picha yoyote. Zilizopata kuwa santuri zilichapwa Nairobi, aghalabu zikatiwa katika mfuko wa kampuni uliofanana kwa bendi zote. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo nayo ikawa nyembamba. Matokeo yake ni kwamba taifa lina hazina kubwa ya sauti na hazina ndogo mno ya sura. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi wananchi wa mwaka 1970 walivyoutazama muziki wao wenyewe hana cha kuwawekea mezani.

Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kulalamika, ila shule inaweza kufanya jaribio. Tuseme wanafunzi wa sekondari wanatengeneza jarida dogo la taarabu. Taarabu ipi? Wakichora ganuni na fidla, msomaji atajua mara moja kuwa wamekusudia Unguja, nyumba ya Akhwani Safaa iliyoanza mwaka 1905. Wakichora gitaa la umeme na besi, wamekwenda Tanga, kwa Black Star na Lucky Star na sauti ya Shakila. Wakichora kinanda cha umeme na mwimbaji aliyenyoosha kidole, wamefika kwenye mipasho ya miaka ya 1990. Mwanafunzi anayechanganya ganuni na wimbo wa Tanga ataumbuliwa na bibi yake kabla ya kuumbuliwa na mwalimu, na haki itakuwa ya bibi.

Kisha waamue juu ya rangi. Kila rangi katika uchapaji hutaka bamba lake na zamu yake mashinini, na gharama hupanda kwa kila zamu. Rangi moja juu ya karatasi ya rangi nyingine huwapa mbili kwa bei ya moja. Wino mwekundu mzito juu ya karatasi ya manjano ni ufumbuzi wa zamani usiochakaa. Herufi wazichore wenyewe kwa mkono. Waache nafasi tupu: kosa la kawaida la mwanafunzi ni kuogopa uwazi, akajaza maua hata picha ikakosa pumzi.

Mwisho waamue ni nani atakaa katikati. Mwimbaji atapendekezwa na wote, naye anastahili. Lakini nyuma yake yuko mpiga ala aliyekesha naye, na nyuma ya wote wawili yuko aliyetunga shairi, ambaye pengine hakupanda jukwaani hata siku moja. Wajadiliane darasani, na mwalimu asiwakatize upesi. Wakikubaliana, majina yote matatu yaandikwe chini ya picha kwa ukamilifu, na ubavuni, kwa herufi ndogo, jina la aliyechora na mwaka.