Mizani Imeshikwa na Nani? Aina za Jamii na Hali za Maisha Mbeya na Iringa

Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba mkoani Iringa asilimia 56.9 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Njombe, mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, ulikuwa na asilimia 50.4. Kwa Tanzania nzima ilikuwa asilimia 30. Haya ni maeneo ambayo, pamoja na Mbeya, Rukwa na Ruvuma, yamehesabiwa kwa miongo kadhaa kuwa ghala la mahindi la taifa. Takwimu hizi zinapotajwa kwenye semina hufuatiwa na maelezo yaleyale: chakula kipo tele, kinachokosekana ni elimu ya lishe kwa akina mama. Nimeyasikia maelezo hayo mara nyingi mno, na makala haya nimeyaandika kuyapinga.

Tunakosea tunapoanza kwa kuuliza mkoa una utajiri kiasi gani. Iringa na Mbeya mara nyingi zimo miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa pato la kila mkazi, na hilo halijamsaidia mtoto wa Kilolo, mkoani Iringa, kurefuka. Tuulize kwanza pesa inaingiaje nyumbani. Inaingia kila siku, kila mwezi, kwa msimu, au mara moja baada ya miaka kumi? Inapokelewa na mkono wa nani? Na nani ameshika mizani inayopima kile kilichouzwa? Ukizipanga jamii za Nyanda za Juu Kusini kwa maswali hayo, mipaka ya mikoa inapoteza maana yake, na vijiji vilivyo mbalimbali vinaanza kufanana kuliko vijiji jirani.

Wamarekani wamewahi kukutana na tatizo la aina hii. Mwanahabari Dante Chinni na wenzake, katika mradi wao, walizipanga kaunti zaidi ya 3,000 za Marekani katika aina 15: majiji makubwa, miji ya vyuo vikuu, maeneo ya mashamba ambako wakazi wengi wamezeeka, ardhi za Wenyeji wa asili, maeneo ya Kusini yenye Wamarekani weusi wengi, maeneo ya kambi za jeshi, na nyinginezo. Kwa njia hiyo walionyesha jinsi kaunti mbili zilizoachana kwa maelfu ya kilomita zinavyoweza kulingana kwa kipato, afya na hata mwelekeo wa kura, huku kaunti zinazopakana zikitofautiana kama mbingu na ardhi. Wazo ni zuri. Ila kaunti yenyewe ni mpaka wa kiutawala, na kwetu mpaka wa namna hiyo ni mpana mno. Mkoa wa Mbeya una halmashauri saba na Iringa tano. Katika wilaya ya Mbarali peke yake, ndani ya mwendo wa saa moja kwa pikipiki, utampita mwenye majaruba, kibarua anayepandikiza mpunga wa mwenzake, mfugaji, na mwenye fremu ya duka kando ya lami. Wastani wao haumwelezi hata mmoja wao. Isitoshe, mipaka yenyewe haitulii: Songwe ilitoka Mbeya mwaka 2016, kwa hiyo anayelinganisha Mbeya ya 2012 na Mbeya ya 2022 analinganisha nchi mbili.

Mfano unaonifundisha zaidi ni chai, kwa sababu mmea ni uleule na baridi ni ileile. Mufindi, mkoani Iringa, chai ilianzishwa na walowezi wa Kizungu wakati wa utawala wa Waingereza, na mashamba makubwa yakabaki chini ya kampuni za kigeni hata baada ya uhuru. Rungwe, mkoani Mbeya, nako yalikuwapo mashamba ya walowezi, lakini huko ardhi ilishajaa watu na migomba. Baada ya uhuru chai ilisambaa kwa wakulima wadogo, ikakaa bega kwa bega na kahawa, ndizi na ng'ombe wa maziwa. Wakulima hao wakafika hatua ya kuwa na hisa katika kampuni inayosindika chai yao, Wakulima Tea Company ya Tukuyu. Mufindi kuna wakulima wadogo pia, sikatai. Nazungumzia sura ya jamii kwa ujumla wake.

Nilisimama asubuhi moja kwenye banda la kupimia chai huko Mufindi, ukungu haujanyanyuka. Wachumaji walikuwa na aproni za plastiki zilizolowa, vikapu mgongoni, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa majani. Kila mmoja alitundika mzigo wake kwenye ndoano, karani akatazama sahani ya mizani, akapunguza kilo kwa ajili ya maji na kapu, akaandika. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu hakuitazama mizani kabisa. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa upole, "Mwanangu, nikiitazama itaongezeka?" Alikuwa ametoka nyumbani kabla ya alfajiri. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa amebaki na dada yake wa miaka tisa, na sufuria ya uji uliopikwa usiku. Mama huyo aliujua umuhimu wa yai, maharage na mboga za majani. Alinitajia mwenyewe makundi ya vyakula kama alivyofundishwa kliniki. Kilichomkosesha ni saa za kuwa nyumbani, na pesa inayofika katikati ya mwezi, wakati deni la dukani limeshajaa.

Sasa nenda Kiwira au Tukuyu, huko Rungwe. Mkungu wa ndizi haungoji msimu. Mwanamke anaukata leo, anaupeleka kando ya barabara, anarudi na sukari, dagaa na mafuta ya kula. Maziwa ya jioni yanabaki nyumbani, ya asubuhi yanakwenda kituo cha kukusanyia. Pesa ni ndogo, pengine ni ndogo kuliko mshahara wa mchuma chai ukiijumlisha kwa mwaka, ila inaingia mara kwa mara na inaingia mkononi mwa yule anayepika. Sitaki mtu aione Rungwe kuwa pepo. Ardhi ni finyu, na imekuwa finyu siku nyingi. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha 1951 jinsi vijana wa rika moja walivyojijengea kijiji chao wenyewe. Desturi ile ilihitaji ardhi ya kuwagawia vijana, na ardhi ilipobana nayo ikabanwa. Vijana wakaenda kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, wakaenda migodi ya shaba ya Zambia, na leo wanaendesha bajaji Mbeya mjini. Hata hivyo, waliobaki wana kitu ambacho wastani hauwezi kukipima: chakula kinachotoka uani mwaka mzima.

Kama chai ni pesa ya mwezi, miti ni pesa ya muongo. Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini, lipo Mufindi, na katika miongo miwili iliyopita homa ya kupanda miti ya misindano na milingoti imeingia vijijini Mufindi na Kilolo. Watu wa mijini, hadi Dar es Salaam, wamenunua ekari vijijini na kupanda. Wenyeji nao wamepanda kwa wingi. Mti wa mbao unakaa miaka kumi au zaidi kabla ya kuvunwa. Siku dalali anapokuja, anakadiria shamba kwa macho, bei inapatanwa na baba mwenye nyumba, na pesa inaonekana: bati, pikipiki, karo. Pato la kijiji linapanda katika vitabu. Lakini ile ekari ilikuwa ya maharage na njegere, na bonde lililo chini yake lilikuwa la vinyungu, bustani za kiangazi ambazo kwa Wahehe na Wabena ndizo zilizoleta mboga na mahindi mabichi wakati ghala limepungua. Milingoti ikipandwa karibu na chemchemi, kinyungu kinakauka. Hapa ndipo ninapoona chanzo kimoja cha udumavu ambacho semina za lishe hazikigusi. Unamfundisha mama kumpa mtoto mboga, huku bonde lililootesha mboga hizo limeuzwa na mtu ambaye hakulazimika kumuuliza.

Usangu, wilayani Mbarali, ni sura nyingine kabisa. Kilimo cha mpunga cha kumwagilia kilisukumwa mbele na wahamiaji Wabaluchi kabla ya uhuru. Serikali ikajenga mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga, ambayo baadaye yalibinafsishwa. Pembeni mwa mifereji hiyo kuna maelfu ya wakulima wadogo, na huko chini kwenye mbuga za Ihefu walikuwapo wafugaji Wasukuma, Wamang'ati na Wamasai. Kuanzia 1993 Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mwaka 2006, umeme ulipoadimika kwa sababu ya upungufu wa maji kwenye mabwawa, kidole kilielekezwa kwa ng'ombe. Wafugaji wakaondolewa 2006 na 2007, wengi wakisukumwa kuelekea Lindi na Pwani, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na hifadhi. Mtafiti Martin Walsh amechambua jinsi hofu ile kuhusu mto ilivyojengwa juu ya maelezo yaliyopuuza maji yanayochepushwa na umwagiliaji. Kwa hoja yangu, jambo zito ni hili: jamii nzima ilitoweka kwenye takwimu za Mbarali bila umaskini wake kupungua hata chembe. Ulihamishiwa kwenye takwimu za mikoa mingine.

Nisije nikaeleweka kwamba kila aina ya jamii ni kitu kimoja ndani yake. Ismani, kaskazini mwa mji wa Iringa, ndiyo iliyotufundisha kinyume chake mapema. Katika miaka ya 1950 na 1960 mahindi na trekta vilizaa hapo wakulima wenye mamia ya ekari, na kandokando yao vibarua wasio na kitu. Mtafiti Adhu Awiti aliandika juu ya matabaka hayo mwaka 1972. Tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi na mkulima Said Mwamwindi katika msukosuko wa kuanzisha vijiji vya ujamaa. Tangu siku ile tumezoea kulisimulia tukio hilo kama habari ya watu wawili. Mimi naliona kama habari ya kijiji kimoja chenye mizani mbili.

Mizani hiyo ya pili bado ipo, na ina jina: lumbesa. Nenda Uyole, Mbeya, wakati wa viazi vya Uporoto. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa kichwa cha kamba na majani juu yake kiasi cha debe moja au zaidi, na linauzwa kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, mabango yanakataza, na lumbesa inapakiwa. Mkulima anakubali kwa kuwa mwenye gari ni mmoja, barabara ya shambani inateleza, na viazi havingoji. Hasara ya debe lile haionekani popote katika hesabu za mkoa, kwa sababu hesabu hufanywa kwa magunia.

Kuhusu miji ya barabara kuu nitasema kwa kifupi, ingawa inastahili makala yake. Mafinga, Chimala na Mbalizi, pamoja na Makambako na Tunduma ng'ambo ya mipaka ya sasa, ni ndugu wa tumbo moja. Lami ya kwenda Zambia, na kwa mingi kati yake reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ndizo zilizoikuza. Pesa yake ni ya kila siku na mara nyingi iko mkononi mwa mwanamke: mama ntilie, mwenye nyumba ya wageni, mhudumu wa baa. Kwa kipimo changu ilipaswa kufanya vizuri, na kwa chakula cha watoto naamini inafanya vizuri. Ila pesa hiyo ina gharama yake. Mwaka 2011/12 maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 hadi 49 yalikuwa asilimia 14.8 Njombe, 9.1 Iringa na 9.0 Mbeya, wakati taifa lilikuwa na 5.1. Barabara peke yake haielezi tarakimu hizo. Kuhama kutafuta kazi kunazieleza pia. Kwa hiyo kwenye maswali yangu naongeza jingine: ili pesa iingie, nani amelazimika kuondoka nyumbani?

Swali hilo lina historia ndefu huku. Katika enzi ya mkoloni, Njombe na sehemu za Iringa zilikuwa hazina ya manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wanaume waliondoka kwa mkataba, wanawake wakabaki na jembe. Leo wanaoondoka ni wasichana. Simama Ipogolo, chini ya kilima cha mji wa Iringa, mabasi ya Dar es Salaam yanaposimama. Utamwona binti wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, kandambili mpya, mfuko wa salfeti mapajani, amekaa karibu na mama asiyemjua vizuri aliyemfuata kijijini. "Kamwene," nilimsalimu mmoja wao. Aliitikia kwa sauti ya chini akatazama kwa yule mama, kana kwamba anauliza kama bado anaruhusiwa kuitikia Kihehe. Wazazi wake watapokea sehemu ya mshahara kwa simu, kila mwezi au kila miezi miwili, na katika kijiji cha mahindi hiyo huenda ndiyo pesa pekee inayoingia kati ya mavuno na mavuno.

Kijiji kama hicho hakimo katika aina 15 za Wamarekani, na hakimo katika jedwali lolote la halmashauri zetu. Kinaonekana kama kijiji cha wakulima wa mahindi, ilhali kinaishi kwa ujira wa mabinti walio umbali wa kilomita 500. Usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022, sensa ilipowahesabu watu mahali walipolala, mabinti hao waliandikwa katika kaya za waajiri wao, Sinza, Tabata na Mbezi za Dar es Salaam. Wadogo zao waliandikwa Kilolo.